Tokeni Zinazoisha Jumapili

Nyinyi vijana mnaotoka politekniki na begi la spana na ile tesita ya kuwaka taa, kwanza niwaambie nilivyoingia kwa hii kazi, ili mjue mnasikiza mtu wa aina gani. Mimi sikuisomea. Shule niliiacha mapema, na hata leo nikiandika, herufi zangu zinakaa kama kuku waliotimuliwa. Nilianza kwa kuchimba mashimo ya nguzo huko upande wa Ekalakala, mahali ardhi ni ngumu mpaka jembe linakurudishia mkono. Siku moja fundi mkubwa, Mzee Kasyoka, akanikuta saa ya chakula nimekaa nikifuata waya kwa macho, kutoka kwa nguzo mpaka kwa ukuta wa duka.

"Wewe unaangalia nini?"

"Naangalia inaenda wapi."

"Basi njoo uone."

Hivyo ndivyo niliacha jembe nikashika koleo. Sikujua kwamba nikishastaafu ningerudishwa kwa jembe tena, na safari hii tukichimba kumtafuta mwizi ambaye hakuwa chini.

Mzee Kasyoka alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Alinifundisha kufunga waya bila kuubana sana, maana waya ukibanwa sana unakatika ndani na wewe huoni. Alinifundisha kubisha hodi nikiwa mbali na mlango, kwa sababu mbwa hajui kama umetumwa na kampuni. Na alinifundisha jambo moja ambalo alilirudia mpaka nikawa namkamilishia: mtu akikwambia stima yake inaibwa, usimwangalie jirani yake. Zima kila kitu, halafu uangalie mita.

Mita za siku hizo zilikuwa na kisahani cha chuma ndani, kinazunguka polepole ukiwasha taa, kinakimbia ukiweka pasi. Ulikuwa unaona stima kwa macho. Kuna mwenye duka mmoja mjini Machakos ambaye mita yake ilifungwa waya kinyume, kisahani kikawa kinarudi nyuma. Yule mzee alifurahi mpaka akawa analala na taa za duka zote zikiwaka, ati anapunguza bili. Tulipokuja kurekebisha, alitusihi tumwachie japo mpaka Krismasi. Muiweke hiyo habari ya kisahani kichwani, maana ndiyo ilinipotosha mimi.

Sasa nije kwa Mama Mwende.

Mama Mwende ni jirani yangu hapa Kola, mjane, mtu wa kanisa, mkono wake haujui kukaa bure. Binti yake Mwende anashona sare za shule. Miaka yote amekuwa amepanga Syokimau, chumba kimoja cha kulala na watoto, kingine cha cherehani za stima. Na mimi huwaambia vijana wanaokimbilia huko, nendeni, sikatazi mtu, lakini mjue mnanunua nini. Kule nyumba unalipia. Maji unanunua, na sio ya kunywa tu, hata ya kufulia. Sukuma wiki unanunua, dania unanunua, hata kamba ya kuanika nguo unapigania na mtu wa orofa ya juu. Huku Kola nyumba ya mama iko, kisima kiko, mbaazi na mahindi viko shambani mvua ikikubali. Lakini huku pia kuna gharama yake: nauli ya kupeleka mzigo mjini, sabuni yenye bei ya juu kwa sababu imepanda boda kufika dukani, na transfoma ikichomeka mnaweza kukaa gizani mpaka msahau rangi ya kuta zenu.

Wengi wakilinganisha mahali na mahali wanauliza, "Stima ya huko ni bei gani?" Hilo swali halina maana. Uniti ni bei moja, kutoka Mlolongo mpaka Ekalakala. Uliza hiyo uniti imekuja kufanya kazi gani. Kwa mtu wa Syokimau inachemsha maji ya kuoga. Kwa mama wa Ekalakala inawasha balbu mbili na kuchaji simu ya jirani, na bado yeye ndiye anaiona nzito.

Ila hiyo bei ina ngazi, kwa matumizi, sio kwa mahali. Anayetumia kidogo analipa bei ya chini. Ukipita mpaka, unapandishwa. Niliwahi kufunga waya kwa ploti moja pale Kyumbi, vyumba vimepangana kama mabehewa, mwenye ploti akakataa kuweka mita nyingi. Akaweka moja tu ya wote. Wale wapangaji kila mmoja na kabalbu kake, mmoja muuza nyanya, mwingine mlinzi, wakajumlishwa wakaonekana ni tajiri mmoja mwenye jumba. Wakawa wanalipa bei ya tajiri. Niliwaeleza, wakacheka, mmoja akasema, "Kumbe sisi ni matajiri na hatujaambiana!" Lakini kicheko hakikufika mbali. Ukienda kufunga stima kwa ploti, pigania mpangaji awe na mita yake.

Nimepotea. Nilikuwa kwa Mwende.

Mwende alichoka na Syokimau. Akaongea na mama yake, wakapatana: angeleta cherehani na pasi kubwa Kola wakati wa likizo, ajaribu. Akafungisha sola juu ya mabati, ile isiyo na betri, inayosaidiana na stima ya nguzo: mchana jua likiwaka unatumia ya jua, usiku unarudi kwa ya kampuni. Kama tokeni, zile uniti za kulipia kabla, zingekaa, angehama na watoto kabla shule zifunguliwe. Kama hazingekaa, angebaki kule kule, na mwenye nyumba alikuwa anangoja jibu lake. Mama Mwende hata hakungoja. Alishapiga sakafu ya simiti kwa kile chumba cha mahindi, akakipaka rangi, akaning'iniza pazia. Kila akipita mlangoni alikuwa anachungulia ndani kama tayari kuna mtu.

Halafu tokeni zikaanza kuisha. Sio kuisha kama zamani. Kuisha kuliko zamani.

"Fundi," akaniambia kwa simu, "hii sola imekuja kutusaidia stima ama imekuja kutusaidia kuimaliza?"

Nikachukua tesita yangu, nikaenda. Nikafanya zile kazi za kwanza ambazo nyinyi mnaziruka mkikimbilia mashine za bei. Nikaangalia raba ya mlango wa friji, maana raba ikilegea friji haipumziki. Nikauliza pasi inawashwa mara ngapi. Nikamwambia Mwende apige pasi nguo nyingi kwa mkupuo, sio moja moja kila mteja akipita, kwa kuwa pasi inakula zaidi ikitafuta moto kuliko ikiukalia. Yote hayo ni kweli, na yote hayakusaidia kitu.

Siku nyingine, mchana, nikakumbuka maneno ya Mzee Kasyoka. Nikazima. Taa, soketi, friji, cherehani, breka za nyumba yote nikaziangusha chini. Nikatoka nje kwa ukuta nikafungua kijisanduku cha mita. Mita za siku hizi hazina kisahani, ziko na kataa kekundu kanakopepesa. Kadiri stima inavyotumika ndivyo kanapepesa haraka. Nyumba imezimwa, na kale kataa kanakwenda kama posho mill ya kusaga unga iko ndani.

Nikasema neno ambalo hata sasa nikilikumbuka naskia masikio yanapata moto: "Mama Mwende, hapa kuna mtu amejiunga."

Akainama akaangalia kale kataa. Halafu akasema, "Nilijua. Kwa sababu inaisha sana Jumapili. Siku za kazi Mwende anashona, anapiga pasi, inakaa. Jumapili tumefunga nyumba tumeenda kanisa, tukirudi tunapata imekulwa. Sasa niambie, hapa Jumapili hubaki nani?"

Tukageuza macho wote, kwa sababu jibu lilikuwa ng'ambo ya ua wa makonge, limevaa kofia ya manyoya, linalisha vifaranga.

Huyo ni Mutiso, mdogo wa marehemu mume wake. Mutiso haendi kanisani. Si kwamba hana Mungu. Aliwaazima watu wa kanisa viti vyake siku ya harambee, havikurudi vyote, akasema hatarudi mpaka virudi. Wamekuwa wakingojeana hivyo, yeye na kanisa. Na ana banda la kuku lenye balbu ya kupasha vifaranga joto. Sasa hesabu wewe mwenyewe kama ungekuwa sisi: stima inapotea Jumapili, na mtu wa Jumapili ni mmoja, na ana balbu inayowaka mchana kweupe.

Jumatatu tukachimba. Mimi na jembe, Mwende na sururu, Mama Mwende akisimamia kwa mkono kiunoni. Tulifuata ule ua wa makonge kutoka kwa ukuta wa mita kwenda upande wa banda, tukitafuta waya uliofichwa. Tulitoa mizizi, tukatoa chupa ya dawa ya ng'ombe, tukatoa kiatu cha mtoto ambacho Mama Mwende alikishika muda mrefu kuliko kilivyostahili, kwa kuwa kilikuwa cha Mwende.

Mutiso akaja akasimama upande wake wa ua, akasalimia kwa Kikamba.

"Wakya, Mama Mwende."

"Aa," akaitikia.

"Mnapanda nini msimu huu?"

Mwende akaendelea na sururu. Akaniangalia mimi, akaangalia mstari wa shimo unavyoelekea kwa kuku wake. Mutiso sio mjinga. Nilimwona anaelewa, na uso wake ukabadilika. Nikafikiri atatutukana. Akageuka akaenda kwake. Tukafikiri amekwenda kuita mzee wa kijiji. Akarudi na jembe lake, akaruka ua, akaanza kuchimba pamoja na sisi.

"Anko, wacha tu," Mwende akasema kwa sauti ndogo.

"Siwachi. Chimbeni na hapa. Na pale chini ya banda pia, nitatoa kuku. Msije mkasema niliuficha waya mahali hamkufika." Akachimba mpaka jasho likamwingia machoni. "Nimezika kaka yangu kwa haya mashamba. Leo natafutiwa waya kwa ua wake."

Hatukupata waya. Na kutopata hakukumsafisha, mnajua vile watu wako. Kabla ya jioni dukani ilikuwa inasemwa ameutoa usiku. Mwende akaanza kukunja vitambaa vyake. Hakusema anarudi Syokimau kwa ajili ya tokeni tu. Alisema hawezi kuleta watoto mahali anko yake haongei na nyanya yao. Mama Mwende akafunga kile chumba kipya, pazia likabaki ndani.

Mutiso ndiye aliyetutoa hapo. Alikuja kwangu Jumamosi, akakataa kiti.

"Kesho wewe huendi kanisa."

"Mbona?"

"Kesho tunakaa kwa hiyo mita, mimi na wewe. Huyo mwizi anakuja Jumapili, si ndio? Basi tumngoje. Ukiniona nimekaa mbele yako na stima inaenda, utawaambia sio mimi."

Tukaenda. Mama Mwende na Mwende na watoto wakatoka na Biblia zao, wakafunga mlango, wakatupita wakielekea barabarani. Sisi tukakaa kwa mawe mbele ya ukuta kama watu wanaolinda kaburi. Jua likapanda. Kataa kekundu kakaanza polepole, na jua lilivyozidi kupanda nako kakazidi, mpaka saa tano kanapepesa kama jicho la mtu amepigwa na vumbi.

"Mikono yangu hii hapa," Mutiso akasema, ameinua zote mbili.

"Naiona."

"Kuku wangu nimezima balbu. Nenda uangalie."

"Sihitaji kwenda."

Halafu wingu likaja kutoka upande wa vilima vya Iveti. Wingu moja tu, nene, likapita juu ya mabati. Na kale kataa kakapunguza mwendo. Kakalegea kabisa. Wingu likapita, kakarudi kukimbia.

Mutiso hakuwa fundi, lakini alikuwa na macho. Akaangalia juu, akaangalia mita. Tukangoja wingu lingine. Likaja, kakalegea tena.

"Fundi," akasema, "mwizi wenu anaogopa mawingu."

Nilisimama nikaenda kwa ile swichi ya sola, iliyo peke yake pembeni, ambayo siku ile ya kupima sikuigusa. Nikaiangusha. Kataa kakanyamaza. Kimya. Nikaiwasha, kakaanza. Nikaiangusha tena.

Sikilizeni hapa, kwa sababu hii ndiyo sehemu ya kazi. Mzee Kasyoka aliniambia nizime kila kitu. Mimi nilizima vinavyokula stima. Kinacholeta sikukizima, kwa sababu kwa akili yangu kinacholeta hakiwezi kumaliza. Ndani ya kichwa changu bado kulikuwa na kile kisahani: ukirudisha stima kwa nguzo, kisahani kinarudi nyuma, bili inapungua. Lakini mita ya tokeni ya aina ile haina nyuma. Haiulizi stima inaenda wapi, inahesabu tu kwamba imepita. Siku za kazi, cherehani na pasi zilikuwa zinaimeza ile ya jua ndani ya nyumba, haikubaki ya kutoka. Jumapili nyumba imefungwa, jua lote la mabatini linatoka kwenda kwa nguzo kupitia mita, na mita inawalipisha kama wametumia. Walikuwa wanatuma zawadi na kulipia nauli yake.

Walipotoka kanisani walitukuta tunacheka, wazee wawili, mpaka Mutiso ameshika tumbo. Nikamwonyesha Mama Mwende: washa, zima, washa, zima. Aliangalia mara nyingi.

"Kwa hivyo hii mita," akasema mwishowe, "imekuwa ikitulipisha kwa kwenda kanisa."

"Mimi niliwaambia muda mrefu hilo kanisa ni ghali," Mutiso akasema.

Mama Mwende alicheka. Halafu akaacha kucheka. Akavuka pale tulipochimba, ardhi bado ilikuwa laini, akasimama mbele ya Mutiso. Sitawaambia alichosema, kwa sababu alisema kwa Kikamba na kwa sauti ya chini na hakuwa anaongea na mimi. Nitawaambia tu kwamba Mutiso alivua kofia.

Sasa, ya ufundi. Ile serikali inaita net metering iko kwa sheria siku hizi, na vijana mtaulizwa kila mahali, kwa hivyo muijue. Mtu mwenye sola anaandikisha kwa kampuni, anawekewa mita inayohesabu njia zote mbili, na ile ya ziada aliyotuma inampunguzia ile aliyotumia. Haipunguzi uniti kwa uniti. Unahesabiwa sehemu, na hupewi pesa mkononi. Mtu asiwadanganye wateja kwamba mabati yatakuwa mshahara. Na usiwahi kufungia mtu sola ikatoka kwa nguzo kabla ya kuandikisha. Sio ya tokeni tu: kuna mtu kama mimi wa zamani amepanda nguzo akijua laini imezimwa, na stima ya sola yako inaweza kumfuata huko juu. Yule fundi aliyemfungia Mwende sola alimwambia tu, "Ya ziada itaenda yenyewe." Ilienda, kweli. Tulimwita akarudi, akaweka kile kidude kinachokumbatia waya mkubwa na kuiambia inveta, ile mashine inayogeuza stima ya jua iwe ya nyumba, isizalishe kuliko nyumba inavyotaka. Mwende akaandikisha, na anangoja mita mpya. Inveta ikizuiliwa hivyo, jua la Jumapili linabaki tu juu ya mabati bila kazi.

Mwende hakulipenda hilo. Ni fundi nguo, hatupi kipande. Akaniuliza ni nini kingeweza kufanya kazi Jumapili bila mtu wa kushona. Nikamwambia, kisima kiko hapo, weka pampu ndogo na tanki, jua la Jumapili livute maji ya wiki.

"Na nani ataiwasha? Sisi tuko kanisa."

Tukaangalia ng'ambo ya ua, kama siku ile. Mama yake ndiye aliingia ndani, akatoka na ufunguo wa kile kijisanduku na wa mlango wa nyumba, zimefungwa pamoja kwa uzi wa sare, akamtuma mtoto mdogo wa Mwende avuke nazo ua.

Watoto walianza shule hapa Kola. Pazia linaonekana ukipita, na cherehani unazisikia mpaka barabarani. Ule mstari tuliochimba, Mutiso alipanda kunde juu yake, akasema ardhi ikishalimwa bure ni dhambi kuiacha.

Mimi nikitoka kanisani Jumapili napitia hapo. Namkuta amekaa kwa lile jiwe mbele ya mita, kofia imeshuka machoni, ufunguo shingoni, maji yanalia ndani ya tanki na mitungi yake mwenyewe imepangwa foleni.

"Mutiso, mwizi amekuja?"

Hufungua jicho moja, anaangalia kataa kekundu, kametulia. Halafu anaelekeza kidole juu, kwa jua.

"Yuko," ananiambia. "Lakini leo nimemwajiri."